Kipande cha Manamba na Kadi ya Ndege



Ukifika kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere pale Dar es Salaam usiku, wakati ndege kubwa za Ulaya na Uarabuni zinapojiandaa kuruka, utaona foleni mbili. Moja ni ndefu, imejaa masanduku yaliyofungwa kamba, watoto wanaolia, na wafanyabiashara wanaobishana na mizani. Ya pili ina watu watatu au wanne tu, wametulia, na kila mmoja ana kadi ndogo ya kuonyesha. Usidhani kuwa wote hao wamelipa nauli kubwa. Wengine tiketi zao ni zile zile za daraja la chini. Tofauti yao na wenzao wa foleni ndefu ni kwamba wamelundika pointi. Waliruka wakaandikiwa, wakaruka tena wakaandikiwa tena, na sasa shirika linawaita wateja waaminifu, linawapa chai kabla ya safari, na siku moja litawapa tiketi ya bure.

Watu wa mjini huzungumza habari za pointi hizi kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, jambo la wakubwa wenye kompyuta. Mimi nasema sivyo. Ukitaka kujua pointi ni kitu gani, usianzie uwanja wa ndege. Anzia Mabamba.

Mabamba ni kata ya mpakani katika Wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma. Ukivuka upande wa pili unaingia Gisuru, nchini Burundi. Hapo Mabamba hakuna ndege ya abiria inayotua. Mwenye haja nayo hana budi kupanda basi mpaka Kigoma mjini au mbali zaidi. Hata hivyo katika nchi hiyo ya Waha, yaani Buha, kuanzia Kibondo mpaka Kasulu, walikuwapo wanaume waliotembea na kadi ya kukusanyia alama kabla shirika lo lote la ndege duniani halijafikiria jambo kama hilo. Kadi yao iliitwa kipande.

Historia ya kipande inaanzia mbali na Buha, huko Usambara na Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Lakini mkonge unataka mikono, na mikono haikupatikana kwa urahisi. Wenyeji walikuwa na mashamba yao ya kulima, hawakuona sababu ya kuyaacha wakakate majani yenye miiba ya mtu mwingine. Basi mwaka 1907 utawala wa Wajerumani huko Usambara ukatoa kadi. Mwanamume aliyepewa kadi hiyo alitakiwa afanye kazi siku 30 kwa mlowezi katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyotoa ushahidi kwamba amefanya. Asiyekuwa na ushahidi alichukuliwa kwa kazi za serikali.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuitupa fikra hiyo ya siku 30. Katika mashamba ya mkonge kibarua aliajiriwa kwa kipande, na hapa naomba tutulie kidogo, maana kijana wa leo anaweza kudhani kuwa siku 30 ni mwezi. La hasha. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Asubuhi kibarua alipangiwa kazi yake ya siku. Kwa mkataji, kazi hiyo ilipimwa kwa mafungu, kila fungu majani 30 yaliyofungwa pamoja. Akimaliza idadi aliyopangiwa, kipande chake kikatiwa alama ya siku hiyo. Asipomaliza, hata kama yaliyobaki yalikuwa mafungu machache, alama haikutiwa, na jasho la tangu alfajiri likawa si kitu. Siku ya homa haikuwa na alama. Siku ambayo alirudi kitandani na mguu uliochomwa na mwiba haikuwa na alama. Mshahara ulilipwa alama 30 zilipotimia, nazo zilitakiwa zitimie katika muda uliowekwa.

Sasa Waha waliingiaje humo? Kwa kodi. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na Buha ilikuwa mbali na masoko. Nchi hiyo haikupewa zao la biashara la maana ambalo lingempatia mwananchi fedha hizo nyumbani kwake. Ilifanywa ghala la mikono. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Waandikishaji wakafika Kasulu na Kibondo, wakafika Njombe na Songea, wakafika hata ng'ambo ya mpaka, Ruanda-Urundi. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo watu wakapata jina ambalo bado linatumika kama tusi kwa baadhi ya watu: manamba. Wapo waliorudi Muhambwe na Heru na blanketi, baiskeli na maneno ya Kiswahili cha pwani. Wapo ambao hawakurudi, na wajukuu wao ni wenyeji wa Korogwe na Muheza hadi leo.

Nimekieleza kipande kwa kirefu kwa makusudi. Alama katika kipande haikuwa fedha. Iligeuka kuwa fedha pale tu ilipotimia idadi ambayo mwingine alikuwa ameipanga, kwa muda ambao mwingine alikuwa ameupanga, na kwa kalamu ya karani wa mwingine. Mwenye kuitafuta alama alikuwa na kadi mfukoni, lakini kanuni zilikuwa ofisini. Sisemi kwamba msafiri wa daraja la kwanza anateseka kama alivyoteseka mkata mkonge. Huo ungekuwa utani mbaya. Nasema kwamba mtambo ni ule ule, na aliyeutumikia Muha kwa panga anauelewa kuliko anayeutumikia kwa kuketi.

Twende sasa kwenye ndege. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa mkono wa serikali katika kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika yakaachiwa uwanjani yapigane. Nauli zikashuka, na abiria akawa kama mke wa sokoni anayezunguka meza zote kabla ya kununua nyanya: leo shirika hili, kesho lile. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines likaanzisha mpango wake ulioitwa AAdvantage, na siku chache baadaye wapinzani wao United wakajibu kwa mpango wao. Fikra ilikuwa nyepesi. Ukiruka maili moja, unaandikiwa maili moja. Zikifika nyingi, unapewa tiketi.

Wenye maduka wa Marekani walikuwa wamelijua jambo hilo zamani. Tangu mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilikuwa ikiwauzia wenye maduka stempu za kijani, mteja anapewa stempu kulingana na manunuzi, anazibandika katika kitabu, kitabu kikijaa anakwenda kuchukua sufuria au taa. Walichokuwa nacho watu wa ndege ambacho mwenye duka hakuwa nacho ni kiti kitupu. Sufuria ya zawadi lazima inunuliwe. Kiti kitupu kinafanana na ndizi iliyoiva sana jioni ya gulio: ndege ikifunga mlango, kiti hicho hakiuziki tena milele. Kumkalisha mtu ndani yake kunalitoza shirika chakula na mafuta kidogo tu. Kwa hiyo shirika lilikuwa likitoa zawadi ambayo machoni pa abiria ni ya mamia ya dola, na mfukoni mwake lenyewe ni ya senti.

Huku kwetu wakati huo tulikuwa tunauguza majeraha mengine. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lililoanza mwaka 1946, lilikuwa limekufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Kenya wakaanzisha Kenya Airways mwaka huo huo, nasi tukaanzisha Air Tanzania mwezi Machi. Hapakuwa na pointi za kupotea, lakini ilikuwapo akiba nyingine iliyokuwa imelundikwa, nayo ni mafao ya wafanyakazi wa Jumuiya. Wazee wale walikatwa mishahara yao mwezi baada ya mwezi, kila kato likaandikwa mahali, na mwenye daftari alipovunjika walibaki wakizunguka ofisini na mahakamani kwa miongo kadhaa. Nalitaja jambo hilo kwa kupita tu. Wanaolikumbuka wanalikumbuka.

Pointi zilitufikia kwa mlango wa ubia. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways. Baadaye KLM ikaungana na Air France, na mwaka 2005 mipango yao miwili ya wateja ikafanywa mmoja, Flying Blue. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo kadi iliyokuwa katika pochi za watu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waliokuwa wakipita Jomo Kenyatta kwenda Amsterdam, safari ya maili zaidi ya 4,000 kwa mwelekeo mmoja. Ethiopia wana yao, ShebaMiles. Rwanda wana Dream Miles. Kenya Airways nayo katika miaka ya karibuni ikaanzisha yake yenyewe, ikaiita Asante.

Watu hulundikaje pointi nyingi? Wengi watakujibu: kwa kusafiri sana. Jibu hilo lilikuwa sahihi zamani. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula ilikuwa ikitoa maili za ndege kwa kila anayeleta nembo kutoka katika bidhaa zake. Akatafuta bidhaa ya bei ndogo kuliko zote, ambayo ilikuwa vikombe vya pudini, akanunua zaidi ya 12,000 kwa dola 3,140 hivi. Kwa kuwa asingeweza kubandua nembo zote kwa wakati, akawagawia watu wa misaada pudini ile kwa sharti kwamba wamsaidie kubandua. Alijipatia maili zaidi ya milioni moja na robo bila kupanda ndege hata mara moja. Wamarekani walicheka sana, wakampa jina la mtu wa pudini. Mimi kilichonivutia si pudini. Kilichonivutia ni swali dogo: ile kampuni ya chakula ilizipata wapi hizo maili?

Ilizinunua. Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Shirika la ndege linaziandika pointi kutoka hewani, kisha linawauzia wengine kwa fedha halisi: kampuni za vyakula, mahoteli, na zaidi ya wote mabenki, ambayo huwapa wateja wao pointi kila wanapotumia kadi ya mkopo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifungia ndege chini dunia nzima, ndipo ilipojulikana biashara hiyo ni kubwa kiasi gani. United walipokwenda kukopa waliweka rehani mpango wao wa pointi, wakapata dola bilioni 6.8. Delta wakafanya hivyo hivyo, wakapata bilioni 9. Ndege zilikuwa zimelala viwanjani, lakini daftari la pointi lilikuwa mali ya kuaminika mbele ya wenye fedha.

Kwa mwananchi wa kwetu, ambaye hana kadi ya mkopo, mlango huo wa benki ni mwembamba. Hapa Afrika Mashariki alundikaye pointi kweli kweli ni mtu anayepanda ndege mara kwa mara, na mara nyingi si kwa fedha yake. Nitalirudia jambo hili.

Kwanza tuangalie kanuni zinavyobadilika, maana msafiri mwenye salio kubwa husahau kuwa salio hilo liko katika daftari la mtu. Kwa miaka zaidi ya 30 kanuni ilikuwa umbali. Mwanafunzi aliyenunua tiketi ya bei poa na mkurugenzi aliyenunua ya bei ghali waliruka maili zile zile, wakaandikiwa kwa kufuata maili. Mwaka 2015 Delta wakasema basi: kuanzia sasa tunahesabu dola ulizolipa. American wakafuata mwaka 2016. Mwezi Aprili 2018 Flying Blue nayo, kwa ndege za Air France na KLM, ikaanza kuhesabu euro. Msafiri wa tiketi rahisi akaona mavuno yake yamekatwa, na hakuna aliyemwuliza. Kazi ya siku ilikuwa imeongezwa mafungu, angesema Muha wa Korogwe.

Wengine hupoteza vyote kwa siku moja. Septemba 2001 shirika la Ansett la Australia lilianguka, na wanachama wa mpango wake wakaamka na pointi zisizonunua hata kikombe cha chai. Walikuwa wadai, lakini wadai wa mwisho kabisa katika foleni, nyuma ya mabenki na wafanyakazi.

Tusiende mbali. Jirani zetu wa Kenya wanazo pointi za simu za Safaricom, ziitwazo Bonga, tangu mwaka 2007. Zimelundikwa na mama muuza mboga, dereva wa matatu na mwalimu wa shule, kila mtu anayenunua muda wa maongezi. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa, na kampuni ikasimamisha uamuzi wake. Hapo nawapongeza Wakenya. Walilundika kidogo kidogo, lakini walikuwa wengi, na walijua kwamba alama zile zilitoka katika shilingi zao.

Na sasa nalirudia lile nililoliahidi. Pointi za safari ya kikazi ni za nani?

Wajerumani walilijibu swali hili kwa uchungu. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba wabunge kadhaa walikuwa wametumia kwa mambo yao binafsi pointi walizozipata katika safari zilizolipiwa na Bunge. Gregor Gysi, aliyekuwa mkuu wa uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu mwezi Julai. Cem Özdemir wa chama cha Kijani naye akaachia nafasi yake. Tazama ukubwa wa kosa: hawakuiba ndege, walitumia vijialama. Lakini mlipa kodi wa Ujerumani alisema tiketi ni yangu, na kilichozaliwa na tiketi ni changu.

Wamarekani walikwenda njia nyingine. Kwa muda mrefu pointi za mtumishi wa serikali zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Matokeo yake watumishi hawakuwa na hamu ya kuzikusanya, na kuzifuatilia kulikuwa na gharama. Mwishoni mwa mwaka 2001 sheria ikabadilishwa, wakaruhusiwa kuzichukua wao.

Kwetu swali hili halijapata kuulizwa kwa sauti inayosikika. Novemba 2015 Rais Magufuli alipiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma zisizo na kibali, na akawaondoa katika viti vya daraja la juu wote isipokuwa viongozi wakuu wachache. Watu walipiga makofi, na hesabu iliyozungumzwa ilikuwa ya nauli na posho. Pointi hazikutajwa. Lakini kila mmoja wa vigogo waliokuwa wakienda semina Geneva na Washington kila mwezi alikuwa anaweza kuandikiwa maili kwa jina lake mwenyewe, katika kadi yake mwenyewe, na kumpeleka mkewe Dubai kwa tiketi ya bure iliyozaliwa na kodi ya mkulima wa maharage wa Mabamba. Si hao tu. Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na pamoja na wakimbizi wamekuja wataalamu wa misaada, wanaoruka kutoka mabara yote kwa fedha zilizochangwa kwa jina la mkimbizi. Maili za safari hizo nazo huandikwa kwa jina la aliyeketi.

Mimi msimamo wangu ni wa Wajerumani. Enzi ya kipande, alama ilikuwa ya yule aliyetoka jasho, akadhulumiwa katika kuihesabu. Katika safari ya kikazi alama haiendi kwa aliyetoka jasho la kulipia, inakwenda kwa aliyefunga mkanda na kulala. Wizara na mashirika ya misaada hayahitaji sheria kubwa. Wakala wa tiketi anaweza kuagizwa kwamba pointi za safari za ofisi zipunguze nauli ya safari inayofuata ya ofisi hiyo hiyo, maana mashirika mengi ya ndege yana mipango ya wateja wa makampuni. Atakayesema fedha yenyewe ni ndogo, nitamwomba atuonyeshe salio lake.

Wapo pia watu wa eneo hilo waliopanda ndege mara moja tu. Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi waliokuwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972, na ambao kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania, zikiwamo za Kibondo na Kasulu, zilikuwa zimewapa hifadhi, walichukuliwa kwenda kuanza maisha mapya Marekani. Baada yao wakafuata Wakongo wa Nyarugusu. Nauli yao haikuwa zawadi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, liliwakopesha tiketi bila riba, na kabla ya kuondoka mkubwa wa familia alitia saini hati ya deni. Miezi michache baada ya kufika, barua za kudai nauli zilianza kuingia katika visanduku vya posta, kwa mama aliyekuwa anasafisha vyumba vya hoteli na kijana aliyekuwa anakata nyama kiwandani, nao wakalipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Maili za safari yao zilikuwa nyingi kuliko za wengi wa wenye foleni fupi. Walichopewa kushika mkononi kilikuwa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, na ndani yake nyaraka zao zote.